Je, wajua? Jimbo la Marekani likisema "hatuitaki" sheria ya Washington, yaani ya serikali kuu ya shirikisho, nini hutokea?

Tarehe 23 Machi 2010 Rais Barack Obama alitia saini sheria ya bima ya afya ambayo wengi tunaijua kwa jina la Obamacare, iliyotaka watu wawe na bima au walipe adhabu. Siku hiyohiyo Florida na majimbo mengine 12 yalifungua kesi mahakamani Pensacola kuipinga, na baadaye walalamikaji wakafika majimbo 26. Virginia ilifungua kesi yake peke yake. Mwezi Agosti wapiga kura wa Missouri, takriban asilimia 71, wakaunga mkono sheria ya jimbo iliyosema mtu asilazimishwe kununua bima. Na Julai mwaka huo Zach Wamp, mbunge aliyekuwa akiwania ugavana wa Tennessee, alisema anatumaini wapiga kura wataibadilisha serikali ili majimbo yasifike mahali pa kufikiria kujitenga.

Ukizisikia habari hizi kutoka mbali, ni rahisi kufikia moja ya hitimisho mbili: kwamba majimbo yale yalikuwa yanaasi, au kwamba sheria ilikufa ndani ya mipaka yao. Zote mbili si kweli, na inafaa kuzichambua polepole.

Tuanze na kujitenga. Inaaminika sana, hata na Wamarekani wenyewe, kwamba Texas ilipojiunga na Marekani mwaka 1845 iliwekewa haki ya kutoka ikitaka. Rick Perry aliligusia jambo hilo mwaka 2009 akiwa gavana wa jimbo hilo. Azimio la Bunge la Marekani la 1845 lipo na linasomeka: linaruhusu Texas igawanywe, kwa ridhaa yake, yazaliwe majimbo mengine yasiyozidi manne. Kuhusu kuondoka halina hata neno.

Mahakama ya Juu ya Marekani ililimaliza suala hilo mwaka 1869, tena katika kesi ya hati za dhamana, yaani hati za mkopo wa serikali. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, serikali ya Texas iliyokuwa upande wa waasi iliuza hati hizo. Vita vilipokwisha, Texas ikazidai. Ili kuamua, majaji walilazimika kwanza kujibu swali zito: je, Texas iliwahi kutoka? Jaji Mkuu Salmon Chase akajibu hapana. Hata pale askari wa Texas walipokuwa wakipigana na jeshi la Marekani, kisheria Texas ilikuwa bado ndani. Njia za kutoka alizozitaja ni mbili tu: mapinduzi, au ridhaa ya majimbo. Ndiyo maana ombi la mtandaoni la kuitenga Texas baada ya uchaguzi wa 2012, lililopata saini zaidi ya 125,000, Ikulu ya Marekani ililijibu Januari 2013 kwa kuikumbusha kesi hiyohiyo. Saini hizo pia zisomwe kwa tahadhari, kwa kuwa aliyeishi nje ya Texas naye aliweza kutia yake.

Dhana ya pili, kwamba jimbo linaweza kuifuta sheria ya shirikisho ndani ya mipaka yake, ni ya zamani zaidi. South Carolina ilijaribu mwaka 1832 kuhusu ushuru wa forodha, na Rais Andrew Jackson akatishia kutumia jeshi. Mwaka 1958, katika mvutano wa watoto weusi kuingia shule za wazungu mjini Little Rock, jimbo la Arkansas, Mahakama ya Juu ilisema kwa kauli moja kwamba maofisa wa jimbo hawawezi kuzipuuza hukumu zake. Kwa hiyo ile kura ya Missouri haikumwokoa mtu yeyote. Adhabu ya kukosa bima ilipoanza mwaka 2014, mkazi wa Missouri alidaiwa kwenye kodi yake sawa na mkazi wa New York.

Basi jimbo lina nini mkononi? Lina kitu kimoja, na kina nguvu kuliko wengi wanavyodhani: haliwezi kulazimishwa kuwa mtumishi wa Washington.

Chukua mfano wa harusi. Jirani yako akiamua kufanya harusi uwanjani kwake, huna uwezo wa kuizuia. Lakini naye hana uwezo wa kukulazimisha utoe masufuria yako na watoto wako wakapike. Anaweza kukubembeleza, anaweza hata kukulipa. Sasa tuseme umekuwa ukichota maji kwenye bomba lake miaka yote, na anakuambia: usipoleta masufuria, bomba nalifunga. Hapo si kubembeleza tena.

Kanuni ya masufuria imewatumikia watu wa kila upande, na hilo ndilo linalonivutia zaidi. Mwaka 1842 mahakama ilikubali kwamba majimbo hayalazimiki kutumia maofisa wake kuwakamata watumwa waliotoroka, na mwaka uliofuata Massachusetts ikawakataza maofisa wake kufanya kazi hiyo. Mwaka 1997 sherifu wa kaunti moja ya Montana, Jay Printz, alishinda kesi ya kukataa kuwachunguza wanunuzi wa bunduki kwa niaba ya Washington. Bangi nayo inauzwa hadharani Colorado wakati sheria ya shirikisho inaikataza, kwa kuwa polisi wa jimbo hawalazimiki kuitekeleza sheria hiyo.

Suala la bomba ndilo lililoamuliwa tarehe 28 Juni 2012. Sheria ya Obama ilitaka kila jimbo lipanue Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato cha chini, na jimbo litakalokataa lingeweza kupoteza hata fedha za Medicaid lililokuwa likizipata tangu zamani. Jaji Mkuu John Roberts alilinganisha na kesi ya 1987, ambapo South Dakota ilitishiwa kupoteza sehemu ya fedha za barabara isipopandisha umri wa kunywa pombe hadi miaka 21. Kiasi kile hakikufika nusu ya asilimia moja ya bajeti ya jimbo, na mahakama ilikiruhusu. Cha Medicaid kilizidi asilimia 10. Roberts alikiita bunduki kichwani. Majaji saba kati ya tisa wakakubali kwamba bomba la zamani lisifungwe. Lile sharti la mtu kuwa na bima, majaji watano waliliacha lisimame, kwa kuihesabu adhabu yake kuwa kodi.

Hapo ndipo upinzani wa majimbo ulipopata meno. Washington iliahidi kulipa gharama zote za upanuzi kwa miaka mitatu ya mwanzo, kisha ikashuka hadi asilimia 90, lakini majimbo mengi yalikataa. Lililoumia ni kundi moja hasa. Bunge lilidhani maskini wote wangeingia Medicaid, kwa hiyo ruzuku ya kununua bima ya kampuni binafsi likawapa wenye kipato kuanzia mstari wa umaskini kwenda juu. Huko Texas, mtu mzima aliye chini ya mstari huo anaweza kukosa Medicaid, na ruzuku pia akaikosa kwa sababu ni maskini mno.

Madhara yake kwa afya ni magumu kupima, maana majimbo hutofautiana kwa mengi. Oregon iliwahi kugawa nafasi za Medicaid kwa bahati nasibu mwaka 2008, na watafiti wakaona nafuu ya wazi katika msongo wa mawazo na madeni ya matibabu, ila shinikizo la damu halikuonyesha badiliko la uhakika katika miaka miwili.

Baadaye upinzani ukageukia ndani ya majimbo yenyewe. Wananchi wa Maine walipitisha upanuzi kwa kura ya maoni mwaka 2017, gavana Paul LePage akagoma kuutekeleza, na mrithi wake Janet Mills akauanzisha siku yake ya kwanza ofisini, Januari 2019. Missouri ileile iliyoikataa sheria mwaka 2010 iliupigia kura upanuzi mwaka 2020. Bunge la jimbo likanyima fedha, na mahakama ya juu ya jimbo ikaamuru utekelezwe. Wakazi wa Texas hawana njia hiyo, kwa kuwa jimbo lao haliruhusu raia kuanzisha sheria kwa kukusanya saini.