Kiboksi cha Pedali Hakiongezi Hata Farasi Mmoja

Gari likiwa zito kuitikia mguu, wengi hukimbilia kile kiboksi kinachochomekwa kwenye pedali ya mafuta. Hapana, hakiongezi nguvu ya injini. Pedali ya throto ya umeme (throto ni mlango wa hewa ya injini, wenye kisahani kinachofunguka) ina sensa mbili zinazopeleka volti kwenye kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, na kiboksi kinakaa katikati kikidanganya: umekanyaga asilimia 30, chenyewe kinapeleka 50. Ukikanyaga mpaka chini, 100 inabaki 100. Eti "gari limefunguka". Ungeongeza mguu kidogo ungepata kilekile bure.

Kwanza kanyaga mafuta yote kwenye barabara iliyo wazi. Likichomoka vizuri, uzito uko kwenye mguso wa mwanzo tu: uchafu wa throto au mpangilio wa kiwandani. Likibaki zito, acha kuisakama throto. Angalia eya klina, plagi, presha ya mafuta, na masega ya ekzosi (kichujio cha moshi) yaliyoziba. Na tafadhali, tazama zulia chini ya pedali. Mazulia mawili yaliyopandana yanakula safari ya pedali, kisha analaumiwa fundi umeme.

Sasa linaloudhi. Mtu anachomeka kipimo cha kompyuta ya gari, anakanyaga mpaka mwisho, anaona throto imeishia asilimia 80, anaagiza throto mpya. Jamani! Vipimo vingi vya kawaida vinaonyesha volti ya sensa ikigawanywa kwa volti 5 inazolishwa, kama asilimia. Sensa haikuundwa kuanzia volti 0 wala kuishia 5, kwa sababu volti za pembeni kabisa zimeachwa ziwe dalili ya waya uliokatika au uliogusana. Kwa hiyo throto iliyofungwa huonyesha asilimia 12 hadi 18, na iliyofunguka yote huonyesha 75 hadi 85. Ni nzima. Tena usiipime gari likiwa P unapiga resi, maana kontroboksi nyingi hazikubali kisahani kifunguke chote bila mzigo. Weka grafu ya pedali na ya throto pamoja, gari likitembea. Throto ikifuata pedali papo hapo na gari bado linasuasua, umeme hauna kesi.

Kipimo kikikupa kodi ya hitilafu P2138, sensa za pedali hazikubaliani. P2135 ni zile za throto. Hapo gari huingia hali ya kujilinda na kweli halikuitikii. Anza na pini na waya kabla ya kununua chochote.

Kusafisha: toa terminali ya betri, fungua throto, pulizia dawa ya throto kwenye kitambaa, si moja kwa moja kwenye ekseli ya kisahani na sensa. Futa ukingo wa kisahani na upande wa ndani, ndiko kaboni hukaa. Usikisukume kwa kidole swichi ikiwa ON. Ukimaliza, silensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) inaweza kupanda, kwa kuwa kontroboksi bado inafidia uchafu ambao haupo tena. Baadhi hujirekebisha zenyewe. Nissan nyingi zinadai kufundishwa upya silensa, na ukiruka hatua hiyo utarudi unalalamika.

Sensa ya hewa, inayopima hewa inayoingia kwenye injini, ina dawa yake ya kusafishia. Dawa ya kabureta iache. Injini ya lita 1.5 hadi 2 ikiwa silensa na ya moto husoma takriban gramu 2 hadi 4 kwa sekunde. Marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (kiasi ambacho kontroboksi inaongeza au kupunguza mafuta) yakizidi asilimia +10, tafuta hewa inayovuja baada ya sensa.

Nina shaka na sifa zote hizi za usafishaji, hata hivyo. Kaboni ya ukingoni huathiri silensa na mguso wa kwanza. Kisahani kikifunguka nusu, haina maana. Na ukitoa terminali umefuta pia marekebisho ya mafuta, sasa kipi kimelifanya gari liwe jepesi? Kama unataka kujua, toa terminali ya betri peke yake kwanza, endesha siku kadhaa, ndipo usafishe.

Vyote vikiwa sawa, na mguso wa mwanzo bado ni mlegevu, kiwanda ndicho kilichopanga hivyo. Hapo funga kiboksi chako ukipenda, kiweke ngazi ya chini, na ukichomoe kabla ya kumpelekea fundi gari lipimwe.