Je, wajua kwa nini misonge ya mawe ya Puglia haina chokaa ya kuishikisha?

Mkoani Puglia, kusini-mashariki mwa Italia, kuna misonge ya mawe iitwayo trulli (moja huitwa trullo). Kuta zake ni nene na nyeupe, paa ni la kijivu lililochongoka. Chokaa imepakwa ukutani tu. Kule juu, kati ya jiwe na jiwe, hakuna chokaa wala saruji, na ndani hutakuta nguzo wala kenchi. Mji wa Alberobello una zaidi ya 1,500, na UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 1996.

Ukiuliza sababu, utajibiwa kwamba ni kukwepa kodi. Mkaguzi wa mfalme akija, husimuliwa, mkulima alichomoa jiwe la kileleni, paa likaporomoka lote, na mkaguzi akakuta rundo la mawe lisilotozwa chochote. Hadithi tamu, na haikutungwa yote. Ila imemtaja mtu asiye, na jiwe silo.

Mkwepaji hakuwa mkulima. Ardhi ya Alberobello ilikuwa ya makabaila wa mji wa Conversano, ukoo wa Acquaviva, chini ya Ufalme wa Naples. Makazi mapya yalitozwa kodi ya mfalme, na kabaila alitaka watu wa kumlimia, kodi hakuitaka. Mapokeo yanasema aliwaamuru walowezi wajenge kwa mawe makavu, yaani bila chokaa, ili nyumba zibomolewe upesi ikibidi. Mkulima mkaidi naye alikuwa rahisi kufukuzwa namna hiyo, jambo ambalo watembeza wageni hulisahau. Ujanja huo wa kodi unajulikana kutumika mwaka 1644. Mwaka 1797 Mfalme Ferdinand IV aliuondoa mji wa Alberobello mikononi mwa kabaila, na punde ikajengwa Casa D'Amore, nyumba ya kwanza mjini kutumia chokaa. Kwa hiyo shinikizo la kabaila si la kupuuzwa.

Lakini tukio la 1644 haliwezi kubeba mtindo mzima wa ujenzi. Vibanda vya mawe makavu vimetapakaa mashambani kote Puglia, hata mahali ambapo hakuna aliyekuwa akificha kijiji. UNESCO yenyewe inaona kwamba mbinu hii yaelekea kutokana na mazingira. Eneo lote ni mwamba wa chokaa. Hulimi kabla hujaokota mawe, na ukishayaokota utayaweka wapi? Yanakuwa ukuta wa mpaka, banda la zana, nyumba. Maji nayo, ambayo huwezi kukoroga chokaa bila hayo, hupotelea ardhini mara tu mvua inapokatika. Ndiyo maana chini ya trullo nyingi kuna birika la kukingia mvua ya paani.

Sasa lile jiwe la kileleni. Paa hujengwa pete juu ya pete, na kila pete huingia ndani kidogo kuliko iliyo chini yake. Jiwe moja likiwekwa hivyo peke yake lingepinduka. Wafikirie watoto waliosimama kwenye duara, kila mmoja ameinamia katikati na mabega yao yamebanana. Wote wanaelekea kuanguka, na hakuna anayeweza, kwa kuwa jirani amemziba nafasi. Akija mzito akawaegemea kwa nyuma, watazidi kubanana. Pete ya mawe hufanya hivyohivyo: ikishafungwa inasimama yenyewe, ndiyo maana fundi anaweza kupanda hadi juu bila kutegesha mbao chini. Na jiwe la mwisho linaziba tundu tu. Lichomoe, utapata tundu, na paa litabaki limesimama likikutazama. Kubomoa trullo ni kushusha pete moja baada ya nyingine kuanzia juu. Ni kweli kwamba mawe hutoka mazima na hujengewa tena, jambo lisilowezekana kwa ukuta uliogandishwa. Ni kazi ya mikono mingi hata hivyo.

Juu ya pete hizo hupangwa vibamba vyembamba, chiancarelle, vikiinamia nje ili mvua iteleze.

Umbo hili linafuatana na trullo mpaka sokoni. Paa moja ni chumba kimoja, na ukitaka nafasi zaidi unaongeza paa jingine pembeni. Kwa hiyo matangazo ya mashamba ya Valle d'Itria, bonde lenye Locorotondo, Martina Franca na Cisternino, huhesabu mapaa: trullo ya koni 3, ya koni 5, pamoja na mizeituni yake. Mnunuzi kutoka ng'ambo huhesabu koni, akasahau kumhesabu jirani. Sheria za Italia za 1965 na 1971 zinampa haki ya kununua kwanza mkulima anayekodi shamba hilo, na asipokuwepo, mkulima mwenye shamba linalopakana nalo. Lazima aarifiwe, naye ana siku 30 za kujibu. Akirukwa, ana mwaka mmoja tangu mauzo yasajiliwe kulikomboa shamba kwa bei iliyoandikwa kwenye hati. Wanaoijua shufaa, haki ya kununua kwanza katika sheria ya Kiislamu, watahisi wako nyumbani. Aliyeandika bei ndogo ili kupunguza kodi, basi, amemwandalia jirani punguzo.

Mizeituni mikongwe nayo haing'olewi ovyo. Sheria ya mkoa ya 2007 inailinda. Haijailinda na Xylella, bakteria wauao mizeituni, waliogunduliwa kusini mwa Puglia mwaka 2013 na ambao baadaye walifika hadi bondeni humu.

Kosa la kawaida la aliyenunua trullo karibuni ni kumwaga saruji juu ya paa linalovuja. Kwa muda halivuji. Kisha unyevu uliokuwa ukitoka nje kupitia nyufa unanaswa ndani, ukuta unaota ukungu, na anaitwa trullaro, fundi wa kazi hii, aibandue saruji yote na kupanga upya vibamba kwa mkono.