Je, wajua kwa nini mazoezi ya mbio za baiskeli za milimani huanzia kwenye lami?

Kijana mmoja wa mtaa wetu, Majengo, hapa Goma nchini Kongo, ana kinga (baiskeli) yenye matairi manene, na ndoto yake ni kushindana kwenye njia za mawe na udongo. Asubuhi moja alinikuta na baiskeli nimeshika njia ya lami ya Sake, akaniuliza: “Kaka, mbio za milimani ni za mawe. Sasa lami itakufundisha nini?”

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu jua lilikuwa linapanda. Hapa nataka kumjibu vizuri.

Mbio anazozipenda huitwa mbio za nyika za baiskeli. Humo si wewe unayepanga nguvu za kutumia, jiwe ndilo linalopanga. Kinakuja kilima kifupi, unakanyaga kwa nguvu zote sekunde kumi au kumi na tano. Kisha mteremko, miguu inatulia kabisa huku mikono na mgongo vikihangaika kuituliza baiskeli. Moyo unadunda muda wote, lakini miguu inafanya kazi vipande vipande. Ukijifunza hivyo kila siku utachoka haraka, na hutapata zile saa ndefu za kukanyaga mfululizo. Na saa hizo ndizo zinazoufanya moyo usukume damu nyingi kwa kila pigo, zinazoongeza mishipa midogo ndani ya misuli, na kuizoesha misuli kutumia mafuta ya mwili ili akiba ya sukari isiishe mapema.

Lami inakupa saa hizo. Kutoka Goma hadi Sake ni kilomita zipatazo 25. Siku ambazo njia inapitika kwa usalama, unaweza kushika mwendo mmoja, ule uliouchagua wewe mwenyewe, ukaulinda hadi mwisho, mradi uwe macho na wamotari, yaani waendesha pikipiki za abiria, wa mtaa wa Ndosho.

Utasema: mbio za nyika ni fupi, pumzi yote hiyo ya nini? Kweli ni fupi. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024 wanaume walizunguka kilima cha Élancourt mara 8, jumla kilomita 35 hivi, na Tom Pidcock wa Uingereza akamaliza kwa dakika 86 na sekunde kadhaa. Linganisha na mashindano ya dunia ya barabarani yaliyofanyika kwa jirani zetu wa Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza Afrika: wanaume walitakiwa kwenda kilomita 267.5, na waliofika mwisho ni 30 tu. Lakini mwangalie Pidcock siku ile ya Paris. Alipata pancha katikati ya mbio, akapoteza zaidi ya nusu dakika, akaanza kuwafukuza walio mbele, mmoja baada ya mwingine, hadi akampita Mfaransa Victor Koretzky kwenye mzunguko wa mwisho. Kufukuza hivyo kunataka mwili unaopona haraka baada ya kila kilima, na kupona huko kunajengwa na zile saa ndefu za mwendo mmoja.

Upande wa pili wa jambo hili, yaani yale ambayo mawe humfundisha mtu wa lami, ndio ninaoupenda zaidi, na sisi wa Goma tumekuwa tukiuona tangu utotoni. Mtazame mtu wa chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, anapoteremka kutoka Kibumba, kaskazini mwa mji, na magunia ya viazi au makala (mkaa). Breki yake ni kipande cha mpira kinachobana gurudumu la nyuma. Hatazami gurudumu, anatazama mbali, pale atakapokuwa baada ya kitambo. Uzito wake anausogeza nyuma kabla ya shimo, wala hangoji aingie ndani yake. Mambo hayo matatu, yaani macho mbali, uzito mahali pake, na breki ya upole na mapema, ndiyo anayojifunza mwendesha baiskeli kwenye mawe. Barabarani utakaa miaka bila kulazimika kuyajua, mpaka siku unapokuta mchanga kwenye kona au mvua kwenye mteremko.

Pidcock huyohuyo, kwenye Tour de France ya 2022, mbio kubwa za barabarani za Ufaransa, aliuteremka mlima Galibier kwa wepesi wa mtu wa porini, akawafikia waliotangulia, kisha akashinda siku hiyo juu ya mlima wa Alpe d'Huez. Cadel Evans wa Australia alitwaa Kombe la Dunia la baiskeli za milimani mwaka 1998 na 1999 kabla ya kushinda Tour de France ya 2011. Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa alichukua dhahabu ya milimani Paris 2024, na mwaka uliofuata akashinda Paris-Roubaix, mbio maarufu kwa barabara zake za mawe, kisha Tour de France ya wanawake.

Hata hivyo pumzi haiwezi kukusomea njia. Mathieu van der Poel wa Uholanzi alitoka Tour de France ya 2021, alikovaa jezi ya njano ya anayeongoza siku 6, akaenda moja kwa moja Olimpiki ya Tokyo. Mzunguko wa kwanza tu aliangukia mbele penye jiwe la kuruka, na mbio hakuzimaliza.

Kwa hiyo, mdogo wangu, siku nyingi za wiki nenda lami, siku moja au mbili nenda mawe, na siku ya mawe iwe ile ambayo hujachoka, kwa kuwa mkono uliochoka hujifunza vibaya. Mawe hatuendi kuyatafuta mbali. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na kwenye vichochoro vingi bado tunaikanyaga.

Wala huna haja ya baiskeli mbili. Siku ya lami jaza matairi yawe magumu, kinga iteleze bila kukunyonya nguvu. Siku ya mawe punguza upepo ili tairi lishike, lakini usipunguze sana: jiwe la lava lina makali, na tairi legelege likibanwa kati ya jiwe na rimu, mpira wa ndani unatoboka palepale. Kiti usikishushe wala kukipandisha kati ya siku hizo mbili, ili goti lizoee mkunjo mmoja.