Ripoti ya mradi isomwe kuanzia nyuma

Kila ninapoitwa na wakazi wanaopinga mradi mkubwa kwenye ardhi yao, hukuta ripoti imefunguliwa kurasa za mbele. Huko ndiko kwenye picha za rangi, ramani na idadi ya ajira zinazoahidiwa. Mimi huomba kwanza viambatisho, zile karatasi za mwisho ambazo mara nyingi zimenakiliwa vibaya hata maandishi hayaonekani sawasawa: orodha za mahudhurio, kumbukumbu za mikutano, vipande vya matangazo ya magazetini. Kazi yangu ni kupitia ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira kwa niaba ya jamii zitakazoishi na matokeo yake. Sijaona sehemu nyingine ya ripoti ambayo imeokoa mashamba, misitu na hori za bahari kuliko hizo karatasi chache.

Mfano ninaoutumia kila mara ni wa Kwasasi, katika Kaunti ya Lamu. Kampuni ya Amu Power ilikusudia kujenga huko mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Makaa yangeletwa kwanza kwa meli kutoka Afrika Kusini, na baadaye yachimbwe bonde la Mui, Kitui. Kwasasi ni bara, mahali pa wakulima na wafugaji, lakini mbele yake kuna ghuba ya Manda ambako wavuvi wa visiwani hutafuta riziki, na umbali wa kilomita kama 20 kuna mji wa kale wa Lamu, uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kaunti hiyo peke yake ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya.

Septemba 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa leseni. Miezi miwili baadaye muungano wa wakazi uitwao Save Lamu, pamoja na wakazi watano, wakakata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira. Uamuzi ukatolewa tarehe 26 Juni 2019, na leseni ikafutwa.

Watu wengi husimulia kisa hiki kana kwamba jopo lilikataa makaa ya mawe. Sivyo, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa yeyote anayejiandaa kulinda kijiji chake. Jopo halikusema mtambo wa makaa hauwezi kujengwa kamwe nchini Kenya. Liliiachia kampuni nafasi ya kufanya tathmini upya kwa kufuata sheria. Kilichoangusha leseni kwanza kabisa ni namna wananchi walivyosikilizwa, na hasa ni lini walisikilizwa.

Kanuni za tathmini za mwaka 2003 ziko wazi. Kanuni ya 17 inamtaka mwenye mradi, wakati wa kufanya utafiti wake, atafute maoni ya watu watakaoguswa. Abandike matangazo mahali panapoonekana, atangaze gazetini kwa wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, kisha afanye mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu na watu hao ili kueleza mradi pamoja na athari zake, na kupokea maoni yao kwa mdomo au kwa maandishi.

Nawaomba msome tena maneno “pamoja na athari zake”. Hapo ndipo kesi ya Lamu iliposimama. Mikutano ilifanyika, na picha zake zilikuwepo. Lakini jopo liliona kwamba ilikuwa mikutano ya utangulizi, iliyofanywa kabla utafiti haujakamilika. Watu waliambiwa kuna mradi unakuja. Athari zenyewe zilikuwa bado hazijajulikana, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuzieleza, wala mkazi hakuwa na jambo la kulipima na kulijibu. Utafiti ulipokamilika, hawakurudiwa ili waelezwe kilichogunduliwa. Jopo likafananisha ushirikishaji wa umma na oksijeni inayoipa tathmini uhai, na kusema ripoti isiyo nayo imezaliwa mfu hata ikiwa nene kiasi gani.

Ndiyo maana naanza na viambatisho. Nachukua kalamu na kuandika tarehe mbili: ya kila mkutano, na ya kukamilika kwa kila utafiti wa kitaalamu, yaani wa hewa, maji, samaki na udongo. Nikikuta mikutano yote imetangulia tafiti zote, najua tuna la kusema. Halafu naangalia mahali. Mkutano uliofanyiwa hotelini mjini, mwendo wa saa mbili kutoka shambani, ni mkutano wa watu wa mjini. Naangalia lugha ya kumbukumbu na lugha iliyozungumzwa. Naangalia majina: wanawake wako wapi, vijana wako wapi, wenye mashamba yanayopakana na mradi wako wapi? Katika ripoti moja niliyowahi kupitia, orodha iliyoitwa ya waliounga mkono mradi ilikuwa ndiyo ile ile watu waliyotia sahihi kupokea nauli ya kurudia nyumbani. Niliwauliza mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba sahihi yake imemgeuza kuwa mtetezi wa mradi. Jambo hilo liliniuma wakati ule, na linaniuma hadi leo.

Tusisahau pia nani analipia kazi hiyo. Sheria inamtaka mwenye mradi afanye tathmini kwa gharama zake mwenyewe, na wataalamu wanaoiandika huajiriwa naye. Wapo waadilifu wengi kati yao, nimefanya kazi na baadhi. Lakini mfumo wenyewe unamweka mtaalamu mahali pagumu, na kinga pekee ni macho ya watu wa nje: mamlaka inayokagua, na wakazi wenyewe.

Hapa huulizwa swali la haki: mkulima au mvuvi atabishanaje na mhandisi? Jibu langu ni kwamba hahitaji kubishana juu ya uhandisi. Anahitaji kuuliza kuhusu mahali anapopajua yeye. Chukua upepo. Mpango wa Kwasasi ulikuwa na bomba la moshi la mita 210. Moshi wa bomba refu hausambai kwa usawa, unafuata upepo. Mtu yeyote wa pwani anajua kwamba mwaka una kaskazi na una kusi. Kaskazi ikivuma inasukuma kuelekea kusini-magharibi. Pepo za kusi zikishika, mambo yanageuka. Basi swali la mkazi ni jepesi: vipimo vya hewa vilichukuliwa miezi gani? Vikiwa vya msimu mmoja, nusu ya mwaka haimo kwenye ripoti, na mtaalamu anapaswa kueleza kwa nini.

Na samaki ni hivyo hivyo. Mtambo wa aina ile huvuta maji ya bahari kupoza mashine, kisha huyarudisha yakiwa na joto zaidi. Nyuzi chache tu za joto katika hori lenye maji mafupi zinatosha kuhamisha samaki wanaozaliana kwenye mikoko. Mvuvi anajua wapi maji husimama na wapi hukimbia, anajua maji ya bamvua, yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, anajua ni mwezi gani kamba huingia horini. Ukiyachora hayo kwenye ramani, ukaandika miaka na vyombo vya uvuvi vilivyotumika, ukatia na majina ya walioyasema, yanakuwa ushahidi unaoweza kuwekwa mbele ya jopo lolote. Nimewaona wazee ambao hawajawahi kushika ripoti wakitoa maelezo ya mkondo wa maji yaliyowashinda wapimaji waliokaa wiki moja tu kwenye boti. Kilichokosekana kwa miaka yote hiyo ni mtu wa kuwaandikia.

Majivu nayo yasisahaulike. Makaa ya mawe yakiungua huacha majivu mengi, yenye madini mazito, na lazima yawekwe mahali kwa miongo mingi. Kila mradi mkubwa, hata usio wa umeme, una majivu yake: taka, maji machafu, vifusi, vumbi la barabara. Tafuta sura inayoeleza yanakwenda wapi, na utaona mara nyingi ndiyo sura fupi kuliko zote.

Sababu nyingine mbili za jopo husahaulika. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilikuwa imeanza kutumika Mei 2016, miezi michache kabla ya leseni, na haikuzingatiwa. Vilevile, uchambuzi wa njia mbadala ulikuwa hafifu. Hilo la pili nalipenda sana, kwa sababu wakazi hudhani si kazi yao kuuliza kama mradi unahitajika. Ni kazi yao. Mwaka 2019 mahitaji ya juu kabisa ya umeme kwa nchi nzima yalikuwa karibu megawati 1,900. Mtambo mmoja wa megawati 1,050 ungekuwa zaidi ya nusu ya hapo, katika nchi yenye mvuke wa ardhini, upepo na jua. Anayeombwa atoe shamba lake ana haki ya kuuliza kama kitu chenyewe kina haja.

Sasa nilinganishe na kisa cha pili cha Lamu hiyo hiyo. Ujenzi wa bandari ya LAPSSET, mradi wa njia za uchukuzi wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Machi 2012. Wavuvi nao walikwenda kortini, na Aprili 2018 Mahakama Kuu ikakubaliana nao: haki zao zilikuwa zimekiukwa, ikiwemo haki ya mazingira safi na haki ya utamaduni wao. Wavuvi wapatao 4,600 wakaamuriwa kulipwa takriban shilingi bilioni 1.76. Ni ushindi mkubwa kisheria, nami nauheshimu. Lakini kufikia hukumu ile sakafu ya bahari ilikuwa imekwisha kuchimbwa, na gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021. Pesa haitairudisha miamba iliyokwanguliwa.

Kwa hiyo nikiulizwa na kijiji ni lini waanze, nasema waanze kabla ya jiwe la kwanza, tena ikiwezekana kabla ya leseni. Mradi ambao haujaanza unaweza kusimamishwa, kubadilishwa au kuhamishwa. Uliokwisha kujengwa hulipiwa fidia. Kule Kwasasi, kwa kuwa leseni ilipingwa mapema, hakuna kilichojengwa. Wenye fedha nao wakaanza kujitoa: Benki ya Maendeleo ya Afrika ilisema mwaka 2019 kwamba haitaufadhili, na mwaka uliofuata benki ya ICBC ya Uchina ikaondoka. Kampuni ilikata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupilia mbali.

Hesabu miaka hiyo: kutoka 2016 hadi 2025. Sitaki mtu yeyote aingie kwenye kazi hii akidhani ni ya msimu mmoja. Ni miaka tisa ya nauli, ya vikao baada ya sala, ya kuacha chombo ufukweni ili kwenda kusikiliza kesi iliyoahirishwa. Save Lamu ilisaidiwa na mawakili wa Katiba Institute na watu wa Natural Justice. Bila msaada wa namna hiyo sioni jinsi wavuvi na wakulima wangehimili. Na ndani ya jamii huwa kuna mpasuko, maana wapo vijana wanaohitaji kazi kwelikweli. Hao wasiitwe wasaliti. Wapewe nafasi waseme, na hesabu ya ajira iliyomo kwenye ripoti ichambuliwe mbele yao: ngapi ni za ujenzi wa miaka miwili mitatu, ngapi za kudumu, na zinataka vyeti gani.

Katiba ya 2010 iko upande wa mkazi kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 42 kinampa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda kortini haki hiyo ikiwa hatarini, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu amekwisha kuumia. Hii ndiyo maana mkulima wa Kwasasi hakuhitaji kusubiri mwanawe aanze kukohoa. Kifungu cha 35 kinampa haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali, kwa hiyo ripoti kamili, na viambatisho vyake vyote, si hisani ya afisa yeyote. Omba kwa barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa tarehe. Na leseni ikishatolewa, sheria inatoa siku 60 tu za kukata rufaa katika jopo. Nimeshuhudia kijiji chenye hoja nzito kikifika siku ya 71, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba leseni imetoka. Walinionyesha kila kitu, picha, ramani, barua. Nililazimika kuwaambia kuwa njia iliyobaki ni ndefu zaidi na ghali zaidi.

Tangu siku ile, kijiji kikiniita, kabla sijafungua ripoti naomba waniletee daftari jipya na kuchagua mtu mmoja wa kulitunza. Ukurasa wa kwanza huandikwa tarehe ambayo gari la wapimaji lilionekana kijijini kwa mara ya kwanza, nani alikuwa ndani yake, na walisema wamekuja kufanya nini.