Toa betri kwanza: usalama wa mashine za chaji karakana na mialoni

Tunapoelekea Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, Aprili 28, kuna jambo wakaguzi wa OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, tunalikuta tena na tena katika karakana za Nyakato, Igoma na Buhongwa jijini Mwanza. Drili na grainda za chaji zimelala mezani betri zikiwa ndani, watu wanapita, vijana wanaojifunza kazi wanazishikashika. Tukiuliza, tunajibiwa: "Hiyo haina waya, afisa."

Jibu hilo ndilo tatizo lenyewe. Grainda ya waya ukichomoa plagi imekufa. Ya chaji inatembea na umeme wake. Fundi anapobadilisha diski, kiganja kinagusa swichi, na diski inaanza kuzunguka vidole vikiwa juu yake. Grainda ndogo ya inchi nne na nusu huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika; hakuna mkono unaowahi kukwepa. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha diski au biti, kabla ya kusafisha, kabla ya kuitia kwenye begi na kupanda bodaboda, toa betri. Kile kitufe cha drili cha kubadilisha mwelekeo ukikiweka katikati kinafunga swichi, ndiyo, lakini kwenye begi lililojaa vyuma kinasogea.

Kuhusu diski tutasema wazi, maana tumeshalisema hili kwa upole kwa muda mrefu. Kila diski imeandikwa mizunguko ya juu inayoweza kustahimili. Diski ya inchi tisa kwa kawaida inaishia takriban 6,600 kwa dakika. Kung'oa kinga, kile kifuniko kinachozunguka diski, ili diski hiyo iingie kwenye grainda ndogo ni kuizungusha zaidi ya uwezo wake mpaka ipasuke, na vipande havichagui pa kwenda. Mafundi wanalalamika kwamba kinga inawazuia kuona wanapokata. Kinga hiyo hiyo ndiyo inayozuia kipande cha diski kufika kwenye koo. Geuza kinga, usiing'oe. Na ile sahani yenye meno ya kupasulia mbao haifungwi kwenye grainda, iwe ya waya au ya chaji. Meno yakinasa kwenye fundo la mbao, mashine inaruka kumrudia aliyeishika. Mbao zina msumeno wake.

Sasa betri. Mnunuzi akiingia dukani anatafuta namba kubwa: 48V, 88V, 128V. Nyingi ya betri hizo ndani zina seli tano tu za lithiamu zilizounganishwa kwa mfuatano. Seli moja ina wastani wa volti 3.6, na 4.2 ikijaa, tano ni volti 18, na 21 zikijaa. Hata ile "20V" ya kampuni zenye sifa ni ile ile ya volti 18; namba 20 ni makadirio ya betri ikiwa imejaa. Ukitaka kujua ukweli, geuza chaja usome volti inazotoa. Ikiandikwa 21V, basi hiyo 88 ya kwenye kasha ni pambo. Madhara yake si ya mfuko peke yake: chaja ya asili ikiharibika, mtu huamini kasha na kuazima chaja ya volti kubwa, na betri inashiba kupita kiasi, inavimba, inawaka.

Hatari nyingine ni betri zinazopakiwa upya kwa seli zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato za zamani. Seli hizo hazikutengenezwa kutoa mkondo mkubwa ambao grainda inauhitaji, kwa hiyo zinapata moto. Mbaya zaidi ni fundi anayeruka saketi ya ulinzi, ile inayokata umeme betri ikizidiwa, kwa sababu "inakatakata". Inakata kwa sababu kuna tatizo.

Chaji kwenye meza isiyo na maranda wala turubai, mbali na tina na petroli, mahali ambapo mtu yupo macho. Betri iliyotoka kwenye kazi nzito iache ipoe kwanza. Usiiache juani, juu ya mwamba au ndani ya gari lililofungwa. Joto linaimaliza haraka kuliko kazi. Kama hutaitumia kwa wiki kadhaa, ihifadhi ikiwa na chaji ya nusu hivi. Betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyozama ziwani hairudishwi kwenye chaja, hata ikianikwa ikakauka.

Ndugu zetu wa mialoni, kuanzia Kirumba na Igombe hadi visiwa vya Ukerewe, mmezipenda mashine hizi kwa sababu umeme haufiki kila ufukwe. Ni sawa. Lakini mota ya drili za bei nafuu hutoa cheche ndani yake, unaweza kuziona kupitia matundu ya hewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini kwenye sakafu ya mtumbwi hata tangi likishaondolewa. Toeni tangi na mashine ya boti, kausheni maji machafu ya chini, acheni hewa ipite ndipo mtoboe. Anayesaga faiba avae barakoa ya vumbi na miwani ya kinga. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii vumbi lile.

Kwa waajiri: karakana ni mahali pa kazi hata kama iko chini ya mwembe. Inasajiliwa OSHA kwa njia ya mtandao, na ada ya usajili ilifutwa, kwa hiyo kisingizio hicho hakipo tena. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Kumkata kibarua fedha ya miwani si utaratibu. Mkaguzi akikuta kasoro anaweza kutoa notisi ya maboresho, yenye muda wa kurekebisha. Hatari ikiwa ya papo kwa papo, anatoa notisi ya katazo na kazi husika inasimama hapo hapo mpaka kasoro iondolewe. Kupuuza notisi ni kosa linalokufikisha mahakamani. Mfanyakazi akiumia, pamoja na kutupa taarifa sisi, mwajiri anautaarifu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku 7. Kumpeleka hospitali na kumpa nauli ya kurudi kijijini hakufuti wajibu huo.

Betri ikianza kutoa moshi, waondoe watu kwanza, kwa kuwa moshi wake ni sumu, kisha piga 114, Zimamoto. Ikiwa nje ya kuta, imwagieni maji mengi kutoka mbali. Ndoo moja haitoshi, kwani seli huwashana moja baada ya nyingine. Betri zilizokufa zifungwe ncha zake kwa tepu na zipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye kibali, zisitupwe jalalani wala ziwani.