Kabla ya kununua kompyuta mpya za shule, fungueni za zamani

Muhula ukianza, walimu wakuu wa shule za msingi hapa Arua, Uganda, hunipigia simu na swali lao huwa moja: tununue kompyuta ngapi? Nami huwauliza: zile mlizo nazo, kuna aliyezifungua akaona zina nini?

Nyingi zinazoitwa mbovu zimechoka diski tu. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, na umeme ukikatika ghafla kila mara huumia. Mtoto wa darasa la nne (P.4) anawasha mashine, halafu sehemu kubwa ya kipindi cha dakika 40 inapita akitazama kioo. Naumia sana nikiona hivyo. Wekeni SSD, yaani diski isiyo na sahani ya kuzunguka, ya GB 120, na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, ifike angalau GB 4, mtashangaa. Na mkishafungua, pulizeni vumbi jekundu lililoganda kwenye feni, maana joto nalo linaua.

Halafu kuna betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu, iliyopachikwa kwenye ubao mkuu. Kazi yake ni kutunza saa mashine ikiwa imezimwa. Ikiisha, kompyuta inaamka na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Sasa mwalimu akifungua tovuti, kivinjari kinakataa, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hukaguliwa kwa tarehe, na kwa saa ile vinaonekana bado havijaanza kutumika. Shule inalaumu mtandao, inanunua bando jingine, tatizo liko palepale. Kumbe dawa ni betri ya bei ndogo kabisa.

Kuhusu Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi, Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ambazo mashine nyingi za mtumba hazina. Msizitupe. Mimi huziwekea Linux Mint, mfumo mwingine ambao ni bure, pamoja na LibreOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu, na GCompris, michezo ya kujifunzia ya watoto wadogo. Pia kompyuta moja naifanya seva, yaani mashine inayozihudumia nyingine, yenye Kolibri, programu ya masomo, ili masomo na video zipatikane darasani bila intaneti. Kwa shule inayohesabu kila megabaiti, hilo ni jambo kubwa.

Umeme nao msiudharau. Tangu eneo letu la West Nile liunganishwe na gridi ya taifa mwaka 2024 tumepata nafuu, lakini bado unakatika, na ukirudi unaweza kurudi kwa kishindo. Pesa zikiwa chache, nunueni kwanza kifaa cha kulinda umeme, mashine zifuate. Kama mnatumia sola, chukueni laptopu: zinakula umeme kidogo kuliko kompyuta za mezani, na betri zake zinawapa muda wa kuhifadhi kazi.

Lakini vyote hivyo vinaharibika upesi pasipo na msimamizi. Maabara nyingi zinakufa kwa sababu ufunguo uko ofisini na hakuna mwalimu aliyekabidhiwa kazi. Chagueni walimu wawili, si mmoja, kwa sababu walimu huhamishwa. Wawe na daftari lenye namba ya kila mashine, tatizo lake na kilichobadilishwa. Wazuie flashi za nje, maana virusi vingi huingilia huko. Na katika bajeti ya kila muhula watengewe fungu lao la vipuri, hata likiwa dogo, ili kibodi ikifa Jumatatu wasingoje mfadhili.