Mzee alirudi kutoka vitani, je, aliacha nani? Soma mafungu ya mirathi

Wengi wanaotafuta habari za babu aliyekwenda Vita Kuu ya Kwanza, awe mpagazi au askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, hukwama kwenye makaratasi ya jeshi. Hayo humtaja kwa jina, namba na kikosi, kisha yananyamaza akishaachiliwa. Aliporudi Unguja au Pemba alioa nani, akamwacha nani, akazaa na nani? Hayo yatafute kwa kadhi, na hasa kwenye jalada la mirathi. Ndoa za zamani nyingi zilifungwa kwa walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, na mashahidi wawili, bila karatasi yoyote. Shamba la mikarafuu likigombaniwa, lakini, kila mrithi alisimama akajitaja.

Ukenda Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, Unguja, chukua majina matatu: lake, la baba yake na la babu yake, pamoja na kijiji. "Juma bin Khamis" peke yake hakukufikishi popote. Andika na namna makarani walivyoweza kulikosea jina: Khamis na Hamisi, Othman na Asmani, Makame na Makami.

Ukilipata jalada, usikimbilie majina. Soma mafungu kwanza. Tuseme mali imegawanywa mafungu 72: mke 9, mama 12, mtoto mwanamume 34, mtoto mwanamke 17. Hayo 9 ni thumuni, yaani moja ya nane, na mke hapati thumuni ila marehemu awe ameacha mtoto, au mjukuu kwa mtoto wake wa kiume. Kama hakuacha, mke angepata robo. Mama amepata sudusi, yaani moja ya sita, kwa hiyo alikuwa hai mwanawe alipofariki. Ila sudusi ya mama isikudanganye: huipata pia pasipo mtoto, marehemu akiwa na ndugu wawili au zaidi. Wake wakiwa wawili, thumuni ni hiyo hiyo moja, wanagawana. Hapo hesabu itapanda hadi 144, kila mke 9, na anayesoma haraka atadhani mmoja wao ameandikwa mara mbili.

Makosa makubwa hutokea kwa wasioonekana. Mke aliyeachwa na eda yake ikaisha harithi, lakini watoto wake wanarithi. Kwa hiyo kila mtoto muulizie mama yake. Mama asipokuwamo miongoni mwa wake waliorithi, ama alitangulia kufa au aliachwa, na hapo ndipo pa kuitafuta ndoa nyingine, pengine ya kabla ya vita. Mjukuu aliyefiwa na baba yake naye huzuiliwa na ami yake aliye hai, hapati fungu wala hatajwi. Ukoo mzima unaweza kupotea hivyo, na watu wake wapo mpaka leo wanachuma karafuu kiambo cha pili. Ukiona ndugu wa marehemu amepewa kilichobaki, basi marehemu hakuacha mtoto wa kiume aliye hai.

Tarehe nazo zina mitego. Muharram ya mwaka 1337 wa Hijria iliingia Oktoba 1918, vita vikielekea ukingoni. Kwa hesabu ya mifungo, yaani miezi ihesabiwayo baada ya Ramadhani, Muharram ni mfungo nne, maana mfungo mosi ni Shawwal. Anayeifanya kuwa mwezi wa nne wa mwaka wa Kiislamu ameshapotea miezi mitatu. Na siku huanza magharibi: ndoa ya usiku wa Ijumaa ilifungwa Alhamisi jioni.

Baada ya hapo rudi kwa wazee, nao waulize kitu mahsusi. Usiseme, "Bibi, nihadithie habari za babu." Sema: "Bibi, huyu Mwanaisha aliyeandikwa fungu la binti, mama yake nani, na yeye na baba yako walikuwa wa baba mmoja mama mmoja, au baba mmoja tu?" Uliza na nani alimnyonyesha nani, maana ndugu wa kunyonya hawaoani wala hawarithiani, na nyumbani huitwa ndugu tu, sawa na wa damu.